Aliyebisha Saa Tisa

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na redio imepata betri. Mimi sijambo. Kile kikohozi kimekwisha. Bado ninakaa chumba kile kile cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazamana na ukuta wa jengo jingine. Nimenunua pazia, kwa hiyo mimi na ukuta hatulazimiki tena kutazamana siku nzima. Wapangaji wenzangu wawili wamehama, na kwa sasa ngazi zote ninapanda peke yangu.

Najua simu unayo, na najua kwako simu ni ya misiba na ya daktari. Kwa hiyo ninaandika.

Kama nilivyokueleza, studio yetu hutengeneza hadithi za simu. Msomaji husoma kipande kifupi, kisha huulizwa: mhusika afanye nini sasa? Akigusa hapa, hadithi inakwenda huku. Akigusa pale, inakwenda kule. Hadithi moja inaweza kuwa na miisho kumi. Wiki iliyopita mkuu wetu, tunayemwita Bwana Haraka, alitaka kila mtu alete hadithi. Nikawaeleza "Siku ya Kurudi": jinsi shangazi yangu, msahihishaji wa gazeti, alivyoandika habari za mwanamume aliyefiwa na mke, akamwachia dada yake mtoto mdogo, akaenda kutafuta kazi mbali, na jinsi hadithi hiyo ilivyomalizika kwa njia moja redioni, kwa nyingine gazetini, na kwa ya tatu katika jarida la picha. Mchoraji wetu aliruka kitini. "Huyo bibi alitutangulia miaka thelathini! Yuko wapi tumpe kazi?"

Ninaomba ruhusa yako, Shangazi. Na nina swali. Bwana Haraka anasema katika hiyo miisho lazima mmoja uwe mkuu. Upi ndio wa kweli? Ukoo mzima unajua kwamba yule mwanamume ni Baba, na yule mtoto ni mimi. Wewe uliniambia Baba hakurudi, na gazeti linasema hivyo hivyo. Lakini mimi nilikua na kanda ya redio. Kila mara dada mtu alipofungua mlango katika ile kanda, nilikuwa nikigeuka kuutazama mlango wetu.

Ni mimi,
Chiriku wako


2 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe kumi na moja. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu. Ni vizuri ulijue hilo, usije ukamlaumu tarishi.

Goti liko kama lilivyo. Binamu yako mkubwa amepata mtoto wa tano na bado anashangaa, kana kwamba ameletewa kwa makosa. Jirani yangu wa kulia, yule mwenye mapacha, amehamia kwa mwanawe. Ameniachia ufunguo nimwagilie maua. Nyumba ya kulia ni tupu na ya kushoto ni duka linalofungwa saa kumi na moja. Kwa hiyo jioni mtaa huu una taa yangu tu.

Barua yako ina sentensi moja ya maneno arobaini na sita. Nimeyahesabu. Uliifikisha salama, lakini usizoee.

Sasa hayo uliyouliza. Mwisho wa redio niliuandika kwa ajili ya Bibi yako. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika, na gazeti kwake lilikuwa karatasi ya kufungia vitu. Alijua vizuri ninamwandika nani. Kila Alhamisi alikaa sikio limegusa redio, na mtu akikohoa alifukuzwa chumbani. Sikuwa na moyo wa kumpotezea mwanawe hewani, mbele ya nchi nzima. Ndiyo maana redioni dada anafungua, mama kipofu anamtambua mwanawe kwa kumpapasa uso, mtoto anaamshwa, na wote wanakula.

Mwisho wa gazeti, ambamo mwanamume haonekani tena, niliuandika kwa sababu mhariri aliniambia, "Bibi Koma, wasomaji wetu ni watu wazima. Usiwabembeleze." Bibi Koma ndilo jina walilonipa kazini, nami sikulikataa. Ule wa jarida la picha si wangu wote. Mchoraji wa jarida alibakiwa na visanduku viwili naye alikuwa na haraka ya kwenda harusini, akamchora mtu anabisha, kisha akachora kufuli. Watu wakaandika barua kusifu lile kufuli.

Unataka kujua upi ni wa kweli. Hadithi si shahidi wa mahakamani. Tuliache hapo.

Ruhusa ninakupa, kwa sharti moja: hakuna neno litakalotoka bila kupita mkononi mwangu. Si kwenye simu. Kwenye karatasi.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante. Hapa kazini walidhani ninatania niliposema shangazi atacheza mchezo wa simu kwa posta. Bwana Haraka alishika kichwa. "Dada, siku hizi msomaji ndiye bosi! Msomaji anagusa, anapata. Huyo wako atagusa leo apate mwezi ujao?" Nikamwambia wewe hujawahi kuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa kosa.

Basi, ndani ya bahasha kuna karatasi arobaini zenye namba. Anza na ya 1. Chini ya kila moja kuna machaguo mawili. Tia alama kwenye chaguo lako, kisha nenda kwenye namba iliyoandikwa hapo. Usichungulie mbele.

Miisho yako yote mitatu imo. Kuna pia njia moja niliyoibuni mwenyewe, iko karatasi ya 31. Dada mtu yumo ndani, anasikia mlango ukibishwa, na msomaji ndiye anayeamua kama atafungua au hatafungua. Mchoraji anasema nimepoteza wino. "Nani atachagua kutofungua? Mtu amesubiri miaka minne!" Lakini mchezo unataka machaguo mawili, kwa hiyo nimeyaweka mawili.

Habari nyingine sina. Jumapili iliyopita nilikaa hapa studio toka asubuhi, hakuna mtu, nikajaribu njia zote moja baada ya nyingine. Kila nilipomaliza, skrini iliniuliza, "Unataka kuanza tena?" Hilo ndilo lililokuwa swali pekee nililoulizwa siku ile.

Chiriku


25 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimemaliza, na karatasi zote zimo humu isipokuwa ya 8, ambayo nimeiandika upya kwa kuwa haikuweza kuokolewa.

Nilifanya kazi kwa utaratibu wa zamani. Nyumbani hukuwahi kuuona, kwa hiyo nikueleze. Prufu, yaani karatasi ya majaribio kabla gazeti halijachapwa, husahihishwa na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti na kutamka kila kitu, koma kwa jina lake, nukta kwa jina lake, hata mabano. Wa pili anafuatisha kwa kalamu nyekundu, na mwisho wa kila sentensi anasema, "Sawa." Mwenzangu tuliyesoma naye miaka ishirini na miwili alifariki mwaka juzi. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti, koma, nukta, kisha nikanyamaza kidogo pale palipokuwa pa "sawa", kisha nikaendelea. Siku tatu.

Mchezo wenyewe una adabu mbaya. Nilitia alama kwamba dada akubali kusindikizwa na mwuza vitabu, kwa kuwa mvua inanyesha na mtu ana mwavuli. Kufika karatasi ya 19 nikajikuta nimeolewa naye na tuna duka. Sikuulizwa! Nilirudi nikachagua kulowa.

Mwanamume wako anasema maneno mengi mno. Mtu aliyefiwa hahutubii. Nimempunguzia. Karatasi ya 22 na ya 23 zinarudia jambo moja. Chagua moja, nyingine itupe bila huruma. Bibi umemwandika vizuri, hasa pale anapomkaripia mtangazaji kama aliyeketi naye chumba kimoja. Nilicheka peke yangu, jambo ambalo si la kawaida humu.

Karatasi ya 31 sikuitia alama ya kuchagua. Nimesahihisha makosa yaliyomo tu.

Maua ya jirani yamechanua. Hakuna wa kuyaona ila mimi, nami hayaniambii kitu.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Ninakutakia afya. Leo sina habari za kukupa.

Karatasi ya 31 iko mbele yangu. Mimi niliandika hivi: "Mwanamume mrefu mwenye kofia anapanda ngazi jioni na kubisha kwa mkono wa kulia." Wewe umekata kwa wino mwekundu na pembeni umeandika hivi, ninanakili bila kubadili herufi:

"Si jioni. Saa tisa mchana. Hana kofia. Mkono wa kulia umefungwa bendeji. Anaweka begi chini kwanza, kisha anabisha kwa mkono wa kushoto, mara tatu."

Nimesikiliza kanda ya redio yote. Nimesoma vipande vyote vya gazeti ulivyonibandikia kwenye daftari. Nimelitazama jarida kwa kioo cha kukuzia. Hakuna bendeji popote. Hakuna begi. Hakuna saa tisa.

Nilimwonyesha Mchoraji, bila kumwambia kitu. Akasoma, akasema, "Huyu aliyeandika hapa alikuwepo."

Ulimwona wapi, Shangazi?


30 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mvua imeng'oa mabati mawili upande wa jikoni. Fundi alikuja Jumatatu, akatazama juu, akasema, "Mama, hili ni paa la zamani," kana kwamba nilikuwa nimemwita anieleze umri wake. Akarudi Alhamisi na misumari. Kwa siku mbili palikuwa na mtu anayegonga juu ya kichwa changu na kuimba vibaya. Alipoondoka nilisikia ukimya kama mtu anavyosikia kengele.

Shemeji yako anakusalimu. Binti wa binamu amefaulu mtihani. Daktari amenibadilishia dawa ya presha, hii mpya inanipa usingizi mchana.

Kuhusu karatasi ya 31 unatafuta mchawi bure. Mwandishi akiona mtu hana sura humpa sura. Wewe ulimwacha mtu wako mtupu kama msumari, nami nikamvika. Bendeji ni bendeji. Endelea na kazi yako.

Kula vizuri. Pazia lifue.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Nilikuwa na miaka tisa uliponiketisha kwanza karibu nawe na prufu. Niliona jina la mtu limeandikwa vibaya, nikabuni jinsi lilivyopaswa kuwa, nikalisahihisha. Ukanipiga kofi mkononi. Ukasema, "Mwandishi ndiye anayebuni. Msahihishaji hagusi ila anachokijua. Kama hujui, acha." Sijawahi kukuona ukilivunja hilo. Umekaa miaka arobaini na kalamu nyekundu mkononi bila kulivunja, leo ulivunje kwa sababu ya mchezo wa simu?

Nimekurudishia karatasi ya 31. Ina machaguo mawili. Itie alama uirudishe. Mimi sitaandika tena mpaka irudi.

Binti wa kaka yako


3 Agosti

Binti yangu,

Marahaba ya barua yako ya Juni. Umetimiza ulilosema, na sanduku la barua limekuwa likileta matangazo ya duka tu. Sina habari za ukoo. Nitasema lililopo.

Alikuja.

Ilikuwa Jumamosi, mvua imekatika punde tu. Wewe ulikuwa na miaka sita, una surua, umelala kwenye kochi na mdomo wazi. Bibi alikuwa chumbani kwake. Mimi nilikuwa mezani na prufu za gazeti la Jumatatu. Nilisikia lango, nikachungulia pembeni mwa pazia. Nilimtambua kabla hajafika ngazini, kwa ule mwendo wake wa kuutupa mguu nje. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa vibaya, mkono wa kulia una bendeji. Mkono wa kushoto ulibeba begi dogo, jekundu, la mtoto. Lilikuwa jipya. Lebo ya duka ilikuwa bado inaning'inia kwenye mpini.

Kama angekuja mikono mitupu, ningefungua. Nimejiuliza hilo miaka ishirini na minane, na jibu ni lile lile. Lakini niliona begi, nikajua amekuja kukuchukua. Miaka minne hakuandika hata mstari. Halafu amenunua begi.

Akabisha mara tatu. Bibi akasema kutoka chumbani, "Nani huyo?"

Nikasema, "Wamekosea nyumba, Mama."

"Mbona wanabisha kama wenye nyumba?"

"Mama, lala."

Akabisha tena. Akaita jina langu la utotoni, ambalo siku hizi hakuna anayeniita. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mlangoni, nimeshika kalamu. Uligeuka kwenye kochi, nikaogopa utaamka. Hukuamka. Alikaa kwenye ngazi muda wa kutosha kusoma ukurasa mmoja mkubwa wa gazeti. Kisha akapitisha karatasi chini ya mlango, akachukua begi, akaondoka. Lango alilifunga taratibu, kama tulivyofundishwa wote wawili.

Ningeweza kukuandikia kwamba nilifanya vile kwa ajili yako. Kwamba ulikuwa mgonjwa, kwamba hakuwa na nyumba ya kukulaza, kwamba shule yako ilikuwa hapa. Sentensi hiyo nimeijaribu mara nyingi na kila mara nimeikata. Haikuwa kwa ajili yako. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Kazini nilikuwa Bibi Koma. Katika dunia nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyekimbia kunipokea nikiingia mlangoni, naye alikuwa na kimo cha meza. Sikutaka kumtoa. Ni hilo tu, na hakuna jingine chini yake.

Baada ya hapo sikuweza kunyamaza wala kusema, ndipo nikaandika "Siku ya Kurudi". Nilimpa Bibi mwisho alioutaka, nikaupa umma ule ulioaminika, na kufuli la yule mchoraji nililipitisha kwa furaha, kwa kuwa nyumba yenye kufuli nje haina mtu ndani. Miisho mitatu, binti yangu, na katika yote mitatu hakuna aliyesimama hatua mbili kutoka mlangoni. Wewe, usiyejua kitu, ukaja ukaiandika njia hiyo kwa sababu mchezo unataka machaguo mawili.

Karatasi ya 31 nimeitia alama. Iko kwenye chaguo la pili.

Na hii hapa ni karatasi aliyoipitisha. Ni anwani ya kiwanda cha mbao na maneno manne: "Nipo hapa. Mniandikie tu." Sikuandika. Sikuichoma pia.

Shangazi yako


10 Septemba

Binti yangu,

Silalamiki. Ninaeleza hali tu. Tarishi hupita saa nne na nusu. Saa nne mimi hutoka kumwagilia maua ya jirani, kisha huwa sijamaliza mpaka apite. Jana aliniambia, "Mama, maua haya yatazama!" Nikamwambia aangalie baiskeli yake.

Nimekuwa nikijisomea kwa sauti gazeti zima, hata matangazo ya vifo. Wasahihishaji wa siku hizi wanapitisha mambo ya ajabu. Ninatia wino mwekundu, kisha ninalikunja gazeti na kuliweka juu ya mengine.

Kama umeamua kutoniandikia, niandikie hilo, nilijue.

Shangazi yako


28 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Natumaini dawa mpya imekuzoea. Sikukaa kimya ili kukuadhibu, ingawa mwanzoni ilikuwa hivyo. Niliomba likizo, nikasafiri.

Kwanza mambo ya kazi, niyamalize. Tuliwapa watu ishirini waujaribu mchezo. Kumi na tisa walifungua mlango, na wa ishirini alisema kidole chake kiliteleza. Bwana Haraka akasema njia ya kutofungua ikatwe, haina wateja. Mimi nilikaa nayo peke yangu, nikaicheza kama dada mtu, mtoto yuko kochini, begi nimelijua, kila kitu nimekijua. Nikafungua. Nikarudia, nikafungua. Nilitaka hata mara moja tu niwe wewe, nione inavyokuwa, na sikuweza. Siku iliyofuata niliiondoa hadithi yote. Bwana Haraka amenuna mpaka leo. Sitaki wageni waguseguse mlango ule.

Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Nakuandikia hili kwa sababu uliomba uambiwe wazi, na kwa sababu nikiwaza nani alinifunga viatu, nani alikaa nami kwenye surua, jibu ni wewe, na wewe tu, na ni kwa ajili ya yale uliyoyafanya Jumamosi ile. Siwezi kuvitenganisha. Nimejaribu.

Kiwanda kipo. Nusu ni ghala sasa. Getini nilimkuta mzee aliyekuwa mnoaji wa misumeno. Sasa anafungua na kufunga geti kwa kuwa mikono inatetemeka. Nilipotaja jina la Baba alivua kofia. Baba alifariki miaka kumi na moja iliyopita, mapafu, vumbi la mbao. Hakuoa tena. Alikuwa na kitanda katika chumba cha wafanyakazi, cha pili kutoka dirishani. Nimekiona chumba. Kina magunia.

Nilimwuliza kama Baba aliwahi kusema habari za nyumbani. Yule mzee akacheka. "Aah! Kila mwaka! Alikuwa akihadithia tu, hata wageni walikijua kisa." Akanihadithia. Baba alikwenda kwao siku moja, mkono wake umeumwa na msumeno. Akabisha, dada yake akafungua. Mama yake kipofu akampapasa uso wote, akasema, "Umekonda." Wakala. Akaona mtoto anatunzwa vizuri kuliko yeye atakavyoweza, akaamua kumwacha palepale, akarudi kazini moyo umetulia.

Ni ule wa redio, Shangazi. Mzee alisema Alhamisi walikuwa wakizima mashine dakika ishirini, wakakaa juu ya magogo kuisikiliza "Siku ya Kurudi". Siku ya kipande cha mwisho wenzake walimgeukia, "Wewe, hii mbona kama yako?" Baba akawajibu, "Ni yangu. Dada yangu ndiye aliyeiandika." Toka siku ile akawa anaihadithia hivyo, na hakuna aliyewahi kusikia akiisimulia kwa namna nyingine.

Nilikaa naye getini hadi alipomaliza chai yake. Akanitazama sana, akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa amelala?"

Nikasema ndimi.

"Alisema walipokuamsha ulimkataa, ukalia kidogo. Halafu ukalala begani mwake, ukamlowesha shati zima kwa mate. Shati lile alikataa kulifua! Unakumbuka?"

Nikamwambia nakumbuka.

Chiriku